Betri Zilizonuka Michembe

Sisi tuliokulia Samuye zamani zile tunajua kwamba tochi ilikuwa mali ya baba. Wewe kijana unayesoma hapa usicheke. Katika boma letu kulikuwa na ng'ombe, mbuzi, kuku wa kila rangi, watoto wa kumwaga, na tochi moja tu. Ilikuwa ya bati linalong'aa, ya betri tatu, inaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha baba, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuiamkia shikamoo.

Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo msitafute mapambo hapa. Nitasema yaliyotokea, na waliohusika nitawataja kwa majina, maana wapo hai, na mmoja wao kila jioni anakuja kunywa chai yangu.

Betri enzi zetu zilikuwa na maisha kama ya mtu. Zikiwa mpya zinaingia kwenye tochi. Mwanga ukigeuka rangi ya chai zinastaafu, zinahamia kwenye redio ya mjomba Lushinge, mdogo wake mama aliyekuwa akiishi kwetu. Redio haina makuu, inaongea hata kwa betri iliyochoka. Redio nayo ikianza kukoroma, betri zinatolewa, zinagongwa kwenye jiwe, tunazing'ata ubavuni mpaka meno yanauma, halafu zinaanikwa. Na zinaanikwa wapi? Juu ya lile jabali nyuma ya nyumba, pale pale ambapo mayu, mama yetu, alianika michembe. Vipande vya viazi vitamu upande huu, betri upande ule. Jua la Shinyanga linapasua kichwa mchana kutwa, jioni tunakusanya vyote kwenye ungo mmoja. Sijui ni nani alitudanganya kwamba jua linaingia ndani ya betri. Lakini zilikuwa zinawaka! Betri ya kuanika ni sawasawa na kijana wa leo ukimpa jembe: anaanza kwa kishindo, ukigeuka kunywa maji ukirudi amekaa.

Zikifa kabisa tulizipasua, ule unga wake mweusi tukaupeleka shuleni, ukachanganywa na majani yaliyotwangwa, tukapaka ubao. Hesabu za kugawanya, ambazo hazijaniingia mpaka leo, nilifundishwa juu ya betri za mjomba Lushinge.

Siku ambazo baba alikuwa na furaha, labda ng'ombe amezaa vizuri au pamba imepokelewa bila maneno, alikuwa akituita baada ya kula. Tumekaa chini, vidole bado vina harufu ya maziwa mgando. Anaishusha tochi msumarini. Betri ya mwisho alikuwa ameigeuza kichwa chini, ili mtoto mtundu akibonyeza asipate kitu, basi anaigeuza iwe sawa huku ametupa mgongo, kana kwamba sisi hatujui. Halafu anaiwasha na kuweka kiganja cha mtoto mmoja juu ya kioo. Mkono unakuwa mwekundu! Unaona vidole vyako kama kaa la moto, na hauungui. Tulipanga foleni. Mayu naye aliingia kwenye foleni. "Haya, mmeona damu yenu," anasema baba, "sasa zimeni macho mlale." Tunakwenda kulala tumeshika mikono yetu kama mali mpya.

Leo mimi nina tochi yangu. Si tochi, ni jua dogo. Niliinunua Kahama. Ni ya kuchaji, nzito kama mchi, ukiiwasha kwa nguvu zote unamhesabia mwenzako ng'ombe walioko ng'ambo ya mbuga. Kanuni zake nimewaambia wote nyumbani. Kwanza, haingojwi mpaka izimike ndipo ichajiwe; inachajiwa ikiwa bado ina pumzi. Ikijaa unaichomoa, hailazwi kwenye umeme kama mgonjwa kwenye dripu. Ikiwa ya moto unaiacha ipoe kwanza. Waya wake ni wake, hauazimwi. Kioo kinafutwa kwa kitambaa laini, si kwa upindo wa shati lenye vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Tundu la chaji lina kifuniko cha mpira, na kile kifuniko kikipotea afadhali na wewe upotee nacho. Ule mwanga wa kupepesa kama wa gari la wagonjwa hauwashwi ovyo, kuku wanaacha kutaga.

Vijana wangu wananicheka. "Baba, si hata simu ina tochi?" Simu ina tochi! Kile kimwanga kinammulika mwenyewe puani, nyoka amekaa zake pembeni anamtazama. Na hiyo simu ikibaki na chaji kidogo utamwona kijana anahangaika huku na huku kama ana mgonjwa mahututi ndani. "Wapi tochi ya baba, niichomekee simu?" Tochi yangu, eti iwe mama wa kunyonyesha simu! Nimekataa. Jina baya wameshanipa, wananiita Tanesko, kama lile shirika la kuwakatia watu umeme.

Kitu kimoja ndicho kinachoniudhi kwenye tochi hii. Ina redio ubavuni. Nilimwambia muuzaji, "Bwana mdogo, nitolee hiyo redio, unipunguzie bei." Akadhani natania. Nikaondoka nayo hivyo hivyo, nikaapa mbele ya mke wangu Mama Limi kwamba redio ile haitafunguliwa maadamu ninapumua. Tochi ni tochi. Redio ni redio. Nilijifunza hilo Mwakitolyo, na walionifundisha ni wawili: kaka yangu Masele na mjomba Lushinge. Nimewataja.

Ilikuwa hivi. Tukishavuna, baba alikuwa na desturi ya kwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu. Alikuwa na duara lake, shimo la kushuka moja kwa moja, kisha chini linageuka njia ya pembeni inayofuata mwamba. Masele na mjomba walikaa juu mdomoni kuvuta ndoo kwa kamba. Mimi, shule ikiwa imefungwa, kazi yangu ilikuwa kumshikia baba tochi akipiga sururu. Na nilijivuna! Tochi ambayo nyumbani siruhusiwi kuisogelea, kule chini niko nayo mkononi, na baba mwenyewe ndiye anayeniomba: "Mulika hapa, Shija. Sasa hapa."

Siku hiyo kulikuwa na mpira kwenye redio. Timu aliyoipenda Masele kuliko chakula ilikuwa inacheza. Sasa betri za redio zilikuwa zimefika mwisho, zile mpya zilikuwa kwenye tochi, na kulikuwa na tatu zilizoanikwa nyumbani na michembe, mayu alikuwa ametufungashia pamoja kwenye kifurushi kimoja. Mnaelewa walichofanya? Asubuhi baba anafunga kamba za viatu, Masele anatoa betri mpya, mjomba anapokea, zile za michembe zinaingia kwenye tochi. Hata ile ya mwisho waliigeuza kichwa chini kama alivyoiacha baba. Wezi wenye adabu.

Tulishuka. Tukaingia njia ya pembeni, tukapita mahali inapogawanyika mara mbili. Kushoto ni njia ya zamani, inaishia kwenye shimo lililojaa maji, watu walilikimbia siku nyingi. Kulia ndiko tulikokwenda kuchimba. Baba kila tukipita hapo alikuwa ananiambia, "Ukirudi peke yako, hapa ndipo pa kumkumbuka Mungu." Maana ukirudi, mdomo wa ile njia mbaya na mdomo wa njia ya kutokea viko karibu karibu mbele yako, kama matundu ya pua.

Tulikuwa tumeshatuma ndoo kadhaa. Mwanga ukageuka rangi ya chai. Ukageuka rangi ya papai. Ukawa kaa dogo, halafu hakuna kitu.

"Shija, umezima?"

"Sijazima, baba. Imejizima."

"Tochi haijizimi. Lete."

Nikapapasa mpaka nikampata. Nilimsikia akifungua kifuniko, akizitoa betri moja moja. Halafu nikasikia pumzi inavutwa kwa nguvu. Anazinusa. Baba alikuwa mtu wa ugoro, si wa sigara, hata kiberiti hatukuwa nacho, na pua yake ilikuwa imechoshwa na ugoro. Lakini hapo haikukosea.

"Michembe," akasema.

"Baba?"

"Betri zinanuka michembe, ng'wanawane."

Aliponiita ng'wanawane, mwanangu, ndipo nilipoogopa. Kwa kawaida alikuwa ananiita Shija tu, au wewe.

Tulipiga kelele. "Masele! Lushinge!" Hakuna. Tulipokaa kimya tukajua kwa nini. Kwa mbali sana, kama nyuki ndani ya mzinga, sauti ya mtangazaji inakimbia na mpira. Redio ya mjomba, ambayo wiki nzima ilikuwa inakoroma kama mzee, leo inasikika mpaka tumboni mwa dunia!

"Redio leo ina sauti nzuri," baba akasema. Polepole kabisa. Mimi nilikuwa mtoto lakini nilimhurumia Masele.

Halafu akanishika mkono. "Usitangulize mguu. Tangulia kwa sikio. Inapotoka ile kelele ndipo palipo na mdomo wa duara." Tukaanza kutambaa, yeye mbele, mimi nimeshika mkanda wake. Tunakwenda kidogo, tunasimama, tunasikiliza. Mtangazaji anapiga kelele, kona! Tunakwenda tena. Baba, ambaye mpira alikuwa anauita ujinga wa watu wazima, sasa alikuwa ananong'ona, "Piga bwana, piga, usinyamaze."

Tukafika panapogawanyika. Nilijua kwa sababu upepo wa baridi ulinigusa shavu, ule wa maji. Baba akageuza kichwa huku, akageuza huku. Na pale pale redio ikanyamaza.

Mapumziko. Na kwetu sheria ilikuwa mapumziko redio inazimwa, betri zisiteketee kwa matangazo ya sabuni. Masele, mwizi mzima, amekumbuka kubana matumizi!

Tuliita tena mpaka koo likakauka. Baadaye tulijua kwamba walikuwa wamekwenda kwa mama mmoja kunywa togwa. Baba akasema tukae. Mbele yetu matundu mawili, moja lina mbingu, moja lina maji, na hatujui ni lipi. Akanivuta nikakaa katikati ya magoti yake. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu, akanipa. Nikakishika kwa woga.

"Kula. Hiyo si betri."

Ulikuwa mchembe. Tulikaa gizani tunatafuna michembe ya mayu, na baba akaniambia mambo ambayo hakuwahi kuniambia juani: kwamba na yeye akiwa mdogo aliogopa giza, kwamba mayu alimkataa kwanza kwa sababu ya masikio yake makubwa. "Leo ndiyo siku ya masikio," akasema, na nikamsikia anacheka. Mpaka leo sijui kama alikuwa na woga. Kifua chake kilikuwa kinapiga mgongoni kwangu kama mtu anayetwanga.

Kipindi cha pili kikaanza. Sijawahi kumpenda mtangazaji kama nilivyompenda yule. Sauti ilitoka kushoto, waziwazi, na kumbe mimi mkono wangu ulikuwa umeshaegemea ukuta wa kulia. Tukaifuata. Nikaona kipande cha mbingu ukubwa wa sahani, na matimba, yale magogo ya kukanyagia, yanapanda kuelekea huko.

Juu, Masele amelala chali, redio iko juu ya tumbo. Kutuona tumejaa vumbi akaruka. "Baba! Tumesawazisha!"

Baba hakumpiga. Aliichukua redio tumboni kwake, akaifungua mgongo, akatoa betri, akaziweka kwenye tochi, akafunga kifuniko. Akamtazama mjomba Lushinge, ambaye alikuwa ghafla anaikagua kamba fundo kwa fundo. "Mechi imeisha," akasema. Wale wachimbaji wa duara la jirani waliokuwa wamekaa wanasikiliza wakaanza kulalamika, walipoona uso wake wakanyamaza. Tangu siku hiyo mpaka anakufa, baba hakuwasha tochi kabla ya kuzinusa betri.

Sasa sikilizeni utetezi wa Masele. Miaka yote hii, kwenye harusi, kwenye misiba, popote watu wanapokaa wakapata kinywaji, anasema, "Mimi ndiye niliyemwokoa Shija na baba. Bila betri nzuri kwenye redio wangetokaje?" Na watu wanamshangilia! Nami nasimama nauliza, jamani, betri nzuri zingebaki kwenye tochi si tungetoka tunapiga mluzi? Hakuna anayenisikiliza. Kwa Wasukuma anayeshinda kesi ni anayechekesha. Mjomba Lushinge yeye ameshazeeka huko Didia, ukimuuliza anasema hakumbuki. Anakumbuka deni la mbuzi la enzi za babu, hili hakumbuki.

Masele sasa ni jirani yangu. Kati yetu kuna ua wa minyaa na kinjia kinachopita kando ya lile shimo tulilochimba udongo wa tofali. Macho yamemharibikia, mtoto wa jicho kaingia yote mawili. Wamemwambia aende akafanyiwe upasuaji, anasema akishavuna mpunga. Na kushikwa mkono hataki. "Mimi si mbuzi wa mahari nisindikizwe." Kila magharibi anakuja na fimbo yake, namwamkia shikamoo kaka, anaitikia marahaba mdogo wangu mwenye kinyongo, tunakunywa chai, tunagombana, anarudi.

Msimu huu wa mvua, shimo la tofali limejaa maji mpaka juu. Jioni moja wingu lilikuwa zito na umeme ulikuwa umekatika. Nimekaa barazani na Mama Limi, nikasikia sauti ng'ambo ya minyaa.

"Shija! Njia imekwenda wapi?"

Nikajua yuko karibu na shimo kwa jinsi vyura walivyonyamaza ghafla.

"Simama hapo hapo, kaka! Nakuja!"

"Nisimame ninyeshewe? Ninakuja mwenyewe."

Kuzunguka ule ua ni safari. Nikanyakua tochi, nikaiwasha nguvu zote. Kinjia chote kikawa mchana, naona mpaka vijiti vya minyaa kimoja kimoja, namwona Masele na fimbo yake, na maji yanametameta hatua chache mbele yake. Nikajisemea, haya, leo mtaona faida ya kutunza kitu.

Akaweka mkono usoni. "Zima hilo! Unanimwagia maziwa machoni!" Kwa macho yale, jua langu lote lilikuwa ukungu mweupe tu. Akageuka kuukimbia mwanga, na upande aliogeukia ndio wenye maji.

Mama Limi ndiye aliyesema. "Baba Limi, ile redio!"

Nilikuwa nimeapa. Kidole changu kilijua kuliko mimi. Nikazima taa, nikabonyeza ule ubavu ambao sikuwahi kuugusa, nikazungusha mpaka mwisho. Kelele ikatoka, halafu muziki wa kwaya, halafu mtu anatangaza bei ya mpunga. Nikaishusha kwenye ngazi ya baraza.

"Kaka! Tangulia kwa sikio!"

Halafu nikasikia fimbo inagonga ardhi, inageuka. Sikuona kitu, giza tupu, ila fimbo: tak, kimya, tak. Inasimama inasikiliza. Nikajikuta nanong'ona, ongea bwana, ongea, usinyamaze.

Alipogusa ngazi kwa fimbo alikaa palepale, akapapasa mpaka akaipata tochi yangu, akaipakata.

"Ina redio humu?"

"Ina."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

Akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyeshinda rufaa. "Si nilisema? Redio ndiyo inayookoa watu."

"Mwizi wa betri wewe."

"Mwizi wa betri aliyekuokoa. Mama Limi, chai iko wapi?"

Wenzangu wa rika langu, sisi tulikuwa na mwanga mmoja nyumba nzima, kwa hiyo wote tulikaa ulipo mwanga. Leo kila mtoto ana taa yake usoni na kila mmoja yuko chumbani kwake. Ukisimama uani kwangu utaona madirisha yanang'aa bluu, watu wako ndani, na hakuna anayejua mwenzake amekula nini. Tumepata mwanga mwingi, ule mstari wa kupanga foleni tuone damu zetu ndio umepotea.

Siku hizi kila magharibi naiweka tochi kwenye ngazi, taa imezimwa, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Chaji inakwisha upesi, kanuni zangu zote zimekufa, vijana wananicheka, wanasema Tanesko amelainika. Wacheke. Fimbo ya Masele ikishagonga ngazi naiokota tochi, naifuta, nachunguza kifuniko cha mpira, na kabla sijaipeleka kwenye chaji naisogeza puani. Mazoea ya baba. Nanusa, nanusa tena. Hainuki kitu chochote.